Mikanda Iliyobeba Kamera Yangu

Nimestaafu juzi tu, na bega langu bado halijaamini. Asubuhi nikitoka kumwagilia mboga, mkono wa kulia huinuka wenyewe kutafuta mkanda, kama mtu anayepapasa miwani ambayo tayari ameivaa. Mume wangu hucheka. Nami hucheka, kisha naendelea na sukuma wiki zangu.

Vijana wa studio, siku mliyoniaga mliniuliza mambo mengi. Mlitaka kujua lenzi niliyoipenda, mwanga unaofaa ngozi zetu, na namna ya kumfanya bwana harusi mwenye hofu atabasamu. Muriuki akauliza kama ni kweli filamu zilikuwa zikioshwa gizani. Hakuna aliyeuliza habari za mkanda. Mnanunua kamera baada ya kufikiri miezi, halafu mnaining'iniza kwa mkanda wowote uliokuja ndani ya boksi, na jioni mnashika shingo mkiugua kama wazee wa baraza. Basi nitaandika juu ya mkanda. Hayo mengine mtayapata kwenye simu.

Nilianza kazi Meru mjini, msichana aliyetoka Nkubu na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu, na wateja walipanda ngazi wakipiga chafya kwa vumbi la dawa ya mahindi. Mwenyewe alikuwa Mzee Gitonga, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka. Nilidhani siku ya kwanza atanifundisha kupiga picha. Aliweka kamera mezani, nami nikanyoosha mkono.

"Ngoja," akasema. "Vaa kwanza."

"Nivae nini, Mzee?"

"Mkanda. Kichwa kipite kwanza, halafu ndio mkono uguse kamera. Ukishika kabla hujavaa, hapo unabeba bahati, hubebi kamera."

Siku hiyo sikupiga picha hata moja. Nilivaa kamera isiyo na filamu nikafagia nayo, nikahudumia wateja nayo, nikanywa chai nayo. Nilipoinama kuchukua kikombe, kamera ikayumba ikagonga ukingo wa meza. Mzee akainua macho polepole.

"Umeona? Mkanda mrefu unafika mbele kabla yako."

Akaufupisha mpaka kamera ikakaa juu kidogo ya kitovu. Huo ndio ulikuwa urefu wa Mzee Gitonga, na hakutaka mjadala. Nami mpaka leo, mtu akinipa kamera ya kuning'inia mapajani kama mkoba wa sokoni, naanza kwa kuufupisha mkanda kabla sijamsalimu vizuri.

Mkanda wenyewe ulikuwa ule uliotoka kiwandani, mwembamba kama utambi wa taa, mgumu, wenye kingo zinazokata. Jioni nilifika nyumbani, nikavua skafu, na mama yangu akaacha kumenya viazi.

"Karimi! Nani amekukaba?"

"Hakuna, Mama. Ni kazi."

"Kazi ya kukabwa?"

Alinipaka mafuta ya kondoo kwenye ule mstari mwekundu, akiomba Mungu aniepushe na studio. Kesho yake nilirudi, nikinuka kondoo, na furaha tele. Nilikuwa nimeshaanza kuipenda kazi ile kabla hata ya kubonyeza kitufe.

Safari yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Timau. Kikundi cha wakulima wa ngano kilikuwa kimenunua mashine ya kuvunia, na viongozi wake walitaka picha mbele ya mashine hiyo, wamevaa suti. Timau iko ubavuni mwa mlima, upande wa kaskazini, na asubuhi ile upepo ulishuka kutoka kwenye barafu bila kubisha hodi. Vidole vyangu vilikuwa vigumu, na mkanda ulikuwa mgumu kuliko vidole. Kwenye tundu lake la mwisho ulikuwa umeanza kupasuka kama gamba la mti mkavu. Niliuona, nikajiambia nitamwonyesha Mzee nikirudi.

Nikapanda juu ya trela iliyojaa ngano ili nipige picha ya shamba lote kutoka juu. Mashine ilikuwa ikitembea sambamba nasi, ikimwaga punje. Nilipogeuka nikasikia tu: tap. Kamera ikaniteleza tumboni, ikazama ndani ya ngano, na mashine ikaendelea kumwaga ngano nyingine juu yake.

Nilipiga yowe. Dereva alifikiri nimekatwa kidole, akazima kila kitu.

"Madam, umeumia wapi?"

"Kamera!"

"Imefanya nini?"

"Imezama!"

Akatazama kulia na kushoto akitafuta mto. Nikamwonyesha ngano. Hapo mwenyekiti wa kikundi, mzee mnene mwenye tai nyekundu, akavua viatu, akavua na soksi, akapanda kwenye trela. Wenzake wakamfuata. Watu wazima wenye suti walipiga magoti ndani ya ngano wakachimbua kwa mikono kama kuku, na jinsi walivyochimbua ndivyo walivyozidi kucheka, maana punje zilikuwa zikiwaingia kila mahali. Mwenyekiti ndiye aliyeipata. Aliiinua juu kwa mikono miwili kama mkunga anayeinua mtoto.

"Ni mzima!" akasema.

Nilifunga mkanda kwa kamba ya gunia, nikawapiga picha papo hapo: miguu mitupu, tai zimepinda, ngano kwenye nywele na ndevu, wote vinywa wazi. Baadaye tulipiga ile rasmi, wamesimama kama nguzo za ua. Mnajua ni ipi waliyoitundika ofisini.

Nilimrudishia Mzee Gitonga kamera inayolia kama kayamba. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Aliifungua taratibu kwa bisibisi, akazitoa punje moja moja na kuziweka kwenye kiganja, akazitazama sana.

"Tukizipanda hizi," akasema, "tutavuna kamera ndogo ndogo ama kubwa?"

Alitoa kamba ya viatu vya jeshi kwenye droo, akaifunga kwenye kamera kwa mafundo ambayo ng'ombe asingeyafungua, na hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake kwa kila mkanda uliokatika. Kamba ile haikukatika kamwe. Shingo ndiyo ilikuwa ikikatika.

Kisha nikaolewa. Njeru alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Embu, na alileta darasa lake tulipige picha. Aliwapanga watoto kwa urefu vizuri sana, nikabaki sina kazi ila kumtazama yeye. Mzee Gitonga alikuwa amefungua chumba kingine cha studio Embu, na aliposikia naolewa huko akasema Mungu amemwokolea nauli, akanikabidhi nikisimamie.

Huko kazi ilikuwa harusi. Nilibeba kamera mbili, moja ya picha za rangi na nyingine ya nyeusi na nyeupe, na flashi kubwa yenye betri lake linaloning'inia ubavuni kama tofali. Vyote hivyo vilikaa shingoni, kwa kamba za viatu. Binti yetu alipozaliwa tukampa jina la mama yake Njeru, Wawira, yaani mwenye kazi, na kweli alileta kazi. Nilipokuwa nikimnyonyesha nilianza kuhisi ganzi kwenye vidole. Mara kikombe kikanitoka. Mara nyingine nikashindwa kugeuza kichwa, ikabidi nigeuke mwili mzima kama mlango.

Daktari alinibonyeza shingo, nikaruka.

"Mama Wawira, unabeba nini kila siku?"

Nikamweleza.

"Basi acha kukibeba. Ukiendelea hivi, utafika mahali hata kijiko kitakuwa kizito."

Mzee Gitonga alikuja Embu mwenyewe aliposikia. Aliniambia kwa upole nikae kaunta, nipige picha za pasipoti na za vitambulisho, kamera iko kwenye miguu yake mitatu, mimi niko kwenye kiti. Alikuwa ananihurumia na nilijua. Lakini usiku huo sikula. Mimi nilipenda watu wanaocheka, na picha ya pasipoti ni picha ya mtu aliyekatazwa kucheka. Njeru alinikuta nimeketi jikoni nikiwa nimeikumbatia kamera.

"Harusi imebaki moja," nikamwambia. "Ya Ishiara. Niliahidi. Nikiimaliza, naacha."

Hakunibishia. Alinikanda shingo mpaka chai ikapoa.

Siku ya harusi ya Ishiara, msichana aliyetusaidia kulea alikuwa ameenda kwao, na Njeru alikuwa akisimamia mtihani. Nikamfunga Wawira mgongoni kwa leso, kamera moja tu shingoni, betri ubavuni, nikaenda. Ishiara iko nyanda za chini, joto tupu, mbuzi wanatafuta kivuli pamoja na watu. Harusi ilikuwa nzuri ajabu. Kina mama wa Mbeere waliimba tangu lango la kanisa mpaka kwenye hema, na mimi nikatembea kinyumenyume mbele yao nikipiga picha.

Wawira aliamka. Akaona kamba ya viatu mbele ya macho yake, akaishika kwa ngumi mbili, akavuta. Kila nilipolenga, yeye alivuta, na bibi harusi akapinda kwenye kioo changu kama aliyelewa. Nikasimama pembeni nimwondoe mkono, na hapo ndipo nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza zamani. Huyu mtoto ni mzito. Amenona, ni mzito kuliko kamera zote mbili na betri lake. Nimembeba tangu asubuhi. Kwa nini haniumi?

Nikatazama leso. Ilikuwa pana. Ilipita juu ya bega moja, chini ya kwapa la upande wa pili, na ilikuwa imembana mtoto kwenye mwili wangu, hayumbi. Uzito wake ulikuwa umetandazwa kifuani, begani, mgongoni, mpaka kiunoni. Kamera nayo ilikuwa imening'inia kwenye uzi mmoja, kwenye mfupa mmoja wa shingo, ikicheza kama kengele.

Mkobani nilikuwa na leso ya pili, ya kubadilisha mtoto akijichafua. Nikaitoa kamba ya viatu shingoni, nikaikunja leso mara mbili, nikaipitisha kwenye zile pete za kamera zinazoshika mkanda, nikaifunga kutoka bega la kushoto mpaka nyonga ya kulia. Kamera ikalala ubavuni kwangu, tulivu. Nilipoitaka, niliivuta ikapanda. Nilipoiacha, ikarudi mahali pake. Shingo yangu ilisimama bure, haina kazi, kwa mara ya kwanza tangu nilipopanda ngazi za duka la mbegu.

Mama mmoja wa makamo, shangazi yake bwana harusi, alinitazama leso mbele, leso nyuma.

"Mama, kumbe umebeba mapacha?"

"Ndio, Mama. Huyu wa mgongoni ni wa Njeru. Huyu mwingine ni Mjapani."

Alicheka akashika mti. Kisha akawaita wenzake waje waone Mjapani, na nikawapiga picha wakiwa katika kucheka huko. Nilirudi Embu jioni nikiimba. Njeru alipofungua mlango nilimwambia, "Siachi."

Lakini leso inalegea, na fundo linateleza. Nilihitaji mkanda wa kweli, nao haukuuzwa popote. Nikaenda kwa fundi Nyaga, aliyeshona viatu vya shule na mikoba karibu na soko la Embu. Nyaga alikuwa na sifa mbili: mshono wake haukufumuka, na hakumsifu mtu. Nilimweleza haja yangu kwa dakika nyingi, nikajifunga leso nikamwonyesha. Alinisikiliza akiwa na misumari mdomoni.

"Yaani unataka kamera ikae kama mtoto," akasema akiitoa misumari.

"Hasa."

"Na mtoto atakaa wapi?"

"Atatembea. Anakua."

Akatikisa kichwa, akachukua futi ya kamba.

Mkanda wake wa kwanza ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe, mpana kama viganja viwili vya Wawira, umepakwa rangi nyekundu nzito. Ulipendeza mno. Nilitembea nao mjini nikijiona bibi harusi mimi mwenyewe. Nikaupeleka kwenye harusi Siakago, jua likawaka, nikatoka jasho, nayo ngozi ikatoka jasho lake. Baada ya kanisa, bibi harusi, msichana mwenye furaha isiyo na breki, akanirukia kunikumbatia kwa sababu nilikuwa nimempiga picha na babu yake aliyekuwa mgonjwa. Aliponiachilia, gauni lake jeupe lilikuwa na mstari mwekundu kutoka bega mpaka kiunoni.

Mama yake bibi harusi akaweka mikono kichwani. Msichana mwenyewe akatazama chini, akaushika ule mstari kwa vidole viwili. Na zile picha kubwa za familia zilikuwa bado.

Njeru siku hiyo alikuwa amenisindikiza, maana ilikuwa likizo. Mwalimu haachi ualimu nyumbani. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kipande cha chaki.

"Jaribu hii," akasema kwa sauti ndogo.

Nikampapasia yule binti chaki taratibu, nikapuliza, nikapapasa tena. Wekundu ukafifia ukawa waridi, waridi ikawa nyeupe. Ukisogea karibu uliona, ukisimama mahali pa kamera huoni kitu. Mama yake akainama akakagua, akanyooka, akamtazama Njeru.

"Mwalimu, uko na ingine?"

Alikuwa nayo, na ya akiba pia. Tulipiga picha zote. Tangu siku hiyo sikukosa chaki nyeupe kwenye mkoba, nanyi nawashauri hivyo hivyo, kwa sababu hata kama mkanda wenu hautoi rangi, keki hutoa. Na mkanda wowote mpya, wa ngozi au wa kitambaa, ulowesheni kwanza, usugueni na kitambaa cheupe, muone unasema nini kabla haujasema mbele ya watu.

Nyaga nilipomrudishia hakuomba msamaha. Alisema ng'ombe ndiye aliyekuwa na shida. Wiki iliyofuata aliniita. Alikuwa ameenda kwa mafundi wa magari akatoa mkanda wa kiti kwenye gari lililopinduka.

"Huu," akasema akiuvuta kwa mikono miwili, "ulimshika mtu mzima gari likibingirika. Hako kakamera kako ni nini?"

"Na huyo mtu alipona?"

Akafikiri. "Sijui. Mkanda ulipona."

Mkanda wa gari ni laini, hautoi rangi, hauchoki, haukati shingo. Ubaya wake ni mmoja: unateleza begani kama samaki. Nyaga akashona chini yake kipande cha mpira wa tairi. Ukashika vizuri, lakini jua la Ishiara lilipoupata ulinuka mpaka wageni wakaanza kuuliza kama kuna gari linaungua. Akautoa. Akaweka ngozi ya mbuzi, upande wa ndani, ule usioteleza, ukitazama chini, bila rangi yoyote. Huo ndio ulioshika bila kunuka. Kwenye ncha alifunga kile kishikizo cha chuma kinachozunguka, cha mnyororo wa mbwa, ili mkanda usijisokote.

Kabla hajanikabidhi alifanya jambo ambalo sijawahi kuona fundi mwingine akifanya. Aliuvaa yeye mwenyewe, akaning'iniza mtungi wa maji, akafunga kibanda, akazunguka soko lote. Watu walimwita, "Nyaga, unahama?" Alizidi kutembea. Aliporudi aliweka kidole juu ya mfupa wa mbele wa bega.

"Hapa ndipo panauma. Kile kipande cha ngozi kirudi nyuma kidogo."

Akakifumua akakishona upya. Nilipouvaa, nikageuka, nikainama, nikaruka, kamera ikanifuata kama mtoto mtiifu. Nikamwambia, "Fundi, huu ni mzuri sana." Akaingiza misumari mdomoni asije akajibu. Lakini niliona masikio yake yakipanda.

Ganzi ya vidole iliisha polepole. Daktari alifikiri nimeacha kazi, akanipongeza, na sikuona haja ya kumharibia siku.

Mzee Gitonga alipokuja kututembelea nilimvisha. Alisimama mbele ya kioo cha wateja, akageuka huku na huku.

"Ni mzuri," akakiri. "Lakini mimi na kamba yangu ya viatu tumezeeka pamoja. Siwezi kumwacha mke kwa sababu ya mto laini."

Mkanda huo wa Nyaga nilikuwa nao mjini Maua, mchana, nilipoenda kupiga picha za wafanyakazi wa mfanyabiashara mmoja wa miraa, wakifunga vifurushi kwa majani ya migomba. Pale hakuna anayesimama akatulia, kila mtu ana haraka ya pikapu. Nikiwa nimejibana katikati ya watu, kijana mmoja akainyakua kamera yangu akakimbia. Yaani alijaribu. Mkanda ulikuwa umepita kifuani na chini ya kwapa, kwa hivyo alivuta kamera, akanipata mimi. Tulikimbia pamoja hatua kadhaa, yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wanaowahi mazishi ya mtu mmoja. Mwishowe akageuka akaniona.

"Pole, Mama," akasema.

"Asante," nikajibu, sijui kwa nini. Akaachilia, akapotea. Wafungaji miraa walicheka mpaka kazi ikasimama, na mwenye mali akaja kuuliza ni nani aliyekufa. Picha nilizopiga baada ya hapo ndizo nzuri kuliko zote za siku ile, maana hakuna mtu aliyeweza tena kunikunjia uso.

Sasa mkitaka kuchagua mkanda, msisome maandishi yaliyo juu yake. Yale majina makubwa yaliyoshonwa kwa uzi wa njano humwambia mwizi kamera yako ni ya aina gani, na hayamsaidii mtu mwingine yeyote. Angalieni upana, kisha kingo: pitisheni ukingo kwenye ngozi ya ndani ya mkono, na ukikwaruza hapo utakata shingoni. Angalieni mahali mkanda unapoungana na kamera, kwa sababu hakuna mkanda unaokatika katikati, huwa ni kwenye tundu na kwenye mshono. Kama una kifungio cha plastiki, kifungueni na kukifunga mbele ya mwenye duka mpaka akasirike. Halafu uvaeni nyumbani na kamera yake, mpike nao ugali, mfue nao, mchukue kitu chini ya kitanda. Ukikusumbua ukisonga ugali, harusini utakutesa. Na wewe Mukami, uliye mfupi kama mimi, usikubali kuambiwa kuwa urefu mmoja unawafaa wote. Aliyesema hivyo alikuwa mrefu.

Kamera za filamu zilipoondoka na hizi zenu zikaja, nilihamisha mkanda tu. Nyaga aliubadilisha ngozi mara nyingi, na alipoacha kazi mwanawe akaendelea, naye pia hamsifu mtu.

Harusi yangu ya mwisho kazini mnaikumbuka, ilikuwa Runyenjes. Nilikuwa na Muriuki. Nilikusudia kufanya kazi kama kawaida, nirudi nyumbani, nisimwambie mtu. Lakini Muriuki ana mdomo. Alimnong'oneza mwenye kipaza sauti, na mwenye kipaza sauti akatangaza hema zima kwamba huyu mama mnayemwona hapa, aliyewapiga picha wazazi wa bwana harusi walipooana, leo anamaliza kazi.

Mama yake bwana harusi akaja. Nilimkumbuka akiwa msichana mwembamba mwenye maua ya plastiki kichwani. Sasa alikuwa mama mzima, na alikuja akicheza, na nyuma yake kina mama wote wakicheza, wakanizunguka.

"Leo hupigi picha," akaniambia kwa nguvu kushinda muziki. "Leo unacheza!"

"Keki inakatwa sasa hivi!"

"Keki haina miguu! Ingia!"

Nikaisukuma kamera ikazunguka ikalala mgongoni, imebanwa, haiyumbi. Nikainua mikono yote miwili. Miaka yote hiyo mikono yangu ilikuwa na kitu cha kushika watu walipokuwa wakifurahi, na sikuwa nimejua nilivyotamani kuinua tu. Tulicheza mpaka vumbi likapanda. Mwenyekiti wa kamati ya harusi aliniletea soda nikakataa, sikuwa na nafasi. Sijui keki ilikatwaje.

Kesho yake Muriuki alinitumia picha kwenye simu. Alikuwa ameacha keki akanipiga mimi. Niko katikati ya kina mama, macho nimefunga, mdomo wazi, mikono hewani kama mtu aliyeitwa jina lake mbinguni. Ndiyo picha pekee niliyo nayo nikiwa kazini. Niliitazama muda mrefu. Kisha, kwa sababu bado nilikuwa mkubwa wake mpaka mwisho wa mwezi, nikamwandikia: "Muriuki, umenikata miguu."

Akajibu papo hapo: "Nilijaribu, Mama. Ilikataa kutulia."